Kula na waya za meno: shajara ya wiki sita za mwanzo

Kabla sijafungwa waya nilihangaika sana kutafuta mtu aliyeandika kwa Kiswahili unakulaje ukishavaa hivi vitu. Nilichopata ni orodha za vyakula vya kwa wenzetu, makaroni ya jibini, matufaha ya kusagwa, supu za kopo, vitu ambavyo mimi huku Tabata, Dar, sivili hata siku ya sikukuu. Mi nakula ugali, wali, maharage, mchicha, dagaa, ndizi, na asubuhi chapati na chai. Basi nikaamua niandike mwenyewe, kila hatua ikiisha naongeza hapa, nilichojaribu, kilichogoma na hela iliyotoka. Kama una mdogo wako au mtoto anaenda kufungwa mpe asome, hasa ya tarehe 14 na 22 Machi.

Kwa kifupi nina miaka 29, nimekulia Arumeru, Arusha, kwa hiyo meno yangu yana ile rangi ya kahawia ya maji ya kwetu yenye floraidi nyingi (hili linahusika, utaona). Shida yangu meno ya juu yamefunika ya chini karibu yote na ya mbele yamepandana. Nimeambiwa miezi 18, waya za chuma juu na chini, jumla shilingi 2,600,000. Nimetanguliza 1,000,000, inayobaki nalipa 100,000 kila nikienda kukazwa.

Jumamosi, 8 Machi 2025: nimefungwa

Kazi yenyewe imechukua kama saa mbili hivi na haiumi, hakuna ganzi wala sindano. Wanakukausha meno, wanapaka jeli ya asidi, wanasuuza, gundi, breketi (vile vichuma vidogo vinavyobandikwa kwenye kila jino), wanamulika na taa ya bluu, mwisho wanapitisha waya mwembamba na kufunga na vimpira. Kwangu jeli ilikaa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Daktari akaniambia, "Dada, meno yenye floraidi hivi gundi haishiki vizuri kama meno mengine, kwa hiyo wewe inabidi uwe makini zaidi na vitu vigumu." Nikaitikia tu, akili yangu ilikuwa kwenye kioo.

Kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia ni vile vigingi. Kwa sababu meno yangu ya juu yangegonga breketi za chini, ameniwekea vidonge viwili vya gundi ya bluu juu ya magego ya nyuma, kimoja kulia kimoja kushoto. Maana yake nikifunga mdomo meno yanagusana hapo tu, kwingine kote kuna uwazi. Sikuelewa uzito wake mpaka nilipokula.

Kosa la kwanza, nilienda bila kula asubuhi. Nimetoka pale saa saba mchana njaa inauma, nikaingia kwa mama ntilie wa karibu nikaagiza wali maharage nikijua ni chakula laini. Jamani. Punje ya wali inaingia kati ya meno, unatafuna, unaitoa pembeni iko vilevile, nzima. Inateleza tu pale kwenye uwazi. Nimetafuna kijiko kimoja muda ambao mwenzangu wa meza ile amemaliza nusu sahani, mwisho nikawa nameza wali mzima mzima na maji. Maharage angalau unaweza kuyakandamiza na ulimi. Mama ntilie akaja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, chakula kibaya?" nikashindwa hata kumweleza vizuri manake midomo haikuwa imezoea ile chuma, maneno yanatoka mapana.

Kosa la pili, sikumeza dawa. Mchana hakukuwa na maumivu kabisa nikajiona nimepona kabla ya kuugua. Saa kumi na moja jioni yakaanza, saa tatu usiku sikuweza kugusanisha meno hata kwa bahati mbaya. Kama unaenda kufungwa, kula vizuri kabla, tena chakula cha kushiba, na meza paracetamol mapema ukifika nyumbani bila kusubiri maumivu yakufuate. Daktari alinishauri vidonge viwili vya mg 500, visizidi nane kwa siku.

Jumanne, 11 Machi: siku tatu ngumu, na blenda

Jumapili na Jumatatu ndo kilele. Sio kama jino bovu, ni kama meno yote yamepigwa. Hata ulimi ukigusa kwa nyuma unasikia. Leo afadhali.

Jumapili nilinunua blenda, 75,000, nikiamini wiki nzima nitasaga. Nikasaga ugali na mchuzi wa samaki. Usifanye hivyo. Ugali ukisagwa na mchuzi unakuwa kitu kinachovutika kama gundi, kinashika kwenye kila breketi, na ladha yake siwezi kuielezea, nilimwaga yote nikalala na chai ya maziwa. Jumatatu nikasaga wali na maharage, huo unamezeka ila haushibishi, saa moja baadaye njaa imerudi, na kitu kingine ni huzuni, yani unakunywa chakula chako peke yako jikoni umesimama.

Uji nao ulinipiga chenga. Unga wangu wa lishe una karanga na soya na mashine ya huku inasaga kwa ukubwa, vile vipande vidogo vya karanga vikajikita chini ya waya nikakaa nusu saa navichokoa. Suluhisho ni rahisi, chekecha unga kwa kichujio cha chai kabla ya kupika, au ununue wa dona laini peke yake na karanga uweke siagi ya karanga ile isiyo na chenga. Uji uwe wa vuguvugu. Wa moto sana unauma, na wa baridi kutoka kwenye friji pia unauma.

Kilichoniokoa ni mama. Nilimpigia jana usiku, nikamwamkia shikamoo, hata sijamaliza ameshasikia sauti imebadilika. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa wewe una meno yanauma na unahangaika na blenda, mtori umeusahau?" Na kweli nilikuwa nimeusahau. Mama ni Mchaga, mimi nimelelewa kwa mtori.

Nilivyopika: nyama ya mifupa nusu kilo, nimechemsha saa moja na nusu na kitunguu na chumvi mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Nikaitoa nikaichambua kwa vidole nyuzi nyuzi, halafu nikazikata zile nyuzi tena kwa kisu kwa sababu uzi mrefu wa nyama unajisokota kwenye waya. Ndizi mshare nane nikamenya nikachemsha ndani ya ile supu mpaka zinapondeka, nikaponda na mwiko pale pale kwenye sufuria, nikarudisha nyama, kikombe cha maziwa, kijiko cha siagi. Ukikuta uzi mweusi wa katikati ya ndizi utoe. Umetoka sufuria ambayo nimekula mara nne. Sikutafuna hata kidogo, unaukandia kwa ulimi kwenye kaakaa unashuka. Ni mara ya kwanza tangu Jumamosi nimelala nimeshiba.

Ijumaa, 14 Machi: futari

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimeingia pamoja, kwa hiyo mtaani kwetu jioni kila mtu anasubiri kula, Waislamu na Wakristo wanaofunga. Kuanzia saa kumi kina mama wanapanga masufuria barabarani, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, tambi, maharage ya nazi. Nilikuwa napita nimechoka nimebeba maziwa mgando yangu, nikasimama. Chakula chote pale kimechemshwa mpaka kinakatika kwa kijiko! Hii ni orodha ya mtu mwenye waya, imelala barabarani, na nilikuwa naipita kila siku.

Nimenunua magimbi na mihogo ya nazi ya 2,000. Jirani yangu wa chumba cha pili akaniona akaniita tufuturu wote, nikamwambia dada mi nakula polepole sana nitawachelewesha, akasema "aa kaa hapa, nani anakukimbiza." Nikakaa. Nimekula nusu saa. Wao walishamaliza wanakunywa chai, hakuna aliyeniangalia mdomoni.

Pale mkekani ndo nimeelewa kitu ambacho kama ningekijua Jumamosi nisingenunua blenda. Tatizo sio kutafuna, tatizo ni kukata. Meno ya mbele ndo kisu na kisu hicho kimeondolewa kazini, ukikiuma kitu nacho unaumia au unang'oa breketi. Magego yangu nayo yanagusana sehemu mbili tu. Sasa kama chakula kimeshakatwa kabla hakijaingia mdomoni, vipande vya ukubwa wa punje ya maharage, unakiweka kwa kijiko moja kwa moja nyuma pale kwenye kigingi, kidogo, upande mmoja, unakandamiza mara mbili tatu, ulimi unamalizia. Ukiweka kijiko kijae kinateleza kwenda kwenye uwazi na hukipati tena. Kijiko cha chai, sio cha mezani. Mkono nao una shida yake, tonge lina ukubwa wake wa mazoea na mkono unalitengeneza kabla hujafikiri, nimeona bora kijiko kwa mwezi huu.

Muhogo angalia mzizi wa katikati, ule uzi mgumu kama kamba, utoe kabla. Gimbi halina shida yoyote, ni chakula namba moja mpaka sasa.

Nimenunua kisu kidogo chenye makali na ubao, 9,000. Chapati asubuhi naikata viraka vidogo na kuiloweka kwenye chai, inakubali. Ile ya jana iliyokauka haikubali hata ukiiloweka.

Jumatatu, 17 Machi: waya umeanza kunichoma

Maumivu ya meno yameisha kabisa, siku ya sita hivi yalipotea nikasahau kumeza dawa. Ila sasa mdomo wa ndani umechubuka, na juzi nikaanza kuhisi kitu kama ncha ya pini nyuma kabisa kulia. Meno yakisogea yanajipanga, waya uliokuwa unapita kwenye mzingo unapata nafasi, unateleza na ncha yake inatokeza nyuma. Kumbe ni kawaida.

Nilichokosea: nilijaribu kuurudisha kwa kucha, nikaupinda, ukawa unachoma vizuri zaidi. Halafu nikala samaki wa kukaanga na pilipili na ndimu na kidonda kiko wazi, machozi yalinitoka. Kwa wiki hii ndimu, pilipili na nyanya mbichi nimeacha.

Nta niliyopewa ya kufunika vichuma vinavyochubua nilikuwa naibandika inadondoka, nikadhani ni mbovu nikanunua nyingine 5,000, ikadondoka pia. Shida haikuwa nta. Breketi ikiwa na mate nta haishiki. Kausha kwanza kwa tishu, vuta shavu kwa kidole, finyanga nta kipande kama punje ya mahindi mpaka iwe laini, ibandike ikiwa kavu. Sasa inakaa mpaka wakati wa kula. Asubuhi na usiku nasukutua maji ya uvuguvugu kikombe na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vidonda vinafunga haraka.

Leo nimepita kwa daktari amekata ile ncha, dakika tano, bure. Siku mbili zote nimevumilia kitu cha dakika tano. Piga simu tu, usivumilie.

Jumamosi, 22 Machi: mizani, majani na makande

Nimejipima duka la dawa. Nilikuwa kilo 58, sasa 55. Wiki mbili. Nimeogopa, nimekaa nikahesabu nilichokula nikaona mwanya ulipo, nilikuwa nakula vitu laini vya wanga peke yake na chai. Nimeongeza mayai mawili ya kuchemsha yaliyopondwa kila siku, parachichi moja (1,000 na linashuka lenyewe), maziwa mgando jioni, na maharage yawe ya nazi yaliyovurugika. Dagaa nimewarudisha kwa njia nyingine, nawatoa vichwa, nawakausha kwenye kikaango, natwanga wanakuwa unga, natia kwenye mchuzi wa karanga. Dagaa mzima usimguse, vile vimifupa vinasimama katikati ya waya na fizi.

Majani nimesumbuka nayo sana kwa hiyo nitakaa hapa. Mchicha nilioupika kama kawaida ulinining'inia. Kipande kimoja cha bua kilijizungusha kwenye waya wa juu, nusu nimemeza nusu iko kwenye breketi, nikakabwa mbele ya wafanyakazi wenzangu nikakimbilia bombani. Tembele ni vilevile, kabichi ni mbaya zaidi. Nimejaribu hivi: majani tu bila mabua, kukata kwa wembamba wa sukuma wiki ya hotelini halafu kukatiza tena kwa upande wa pili ili kusiwe na uzi unaozidi ukucha. Mchicha wa namna hiyo ukipikwa na karanga unakubali. Mlenda hauna tabu hata kidogo. Ila kinachoshinda vyote ni kisamvu, kwa sababu kimeshatwangwa tangu mwanzo, ukipike na nazi kiive mpaka kitulie. Kinabakia kijani kwenye breketi, hilo ni la mswaki, sio la kukuzuia kula.

Makande yamenishinda. Nilitamani makande kuliko kitu chochote wiki hii. Nililoweka usiku kucha, nikachemsha saa tatu, mahindi yakaiva kabisa, lakini lile ganda la nje la punje halilainiki hata ufanyeje, linabaki kama ukucha na linaingia kati ya breketi na fizi. Nimetoa maganda 11 kwa kibrashi, nimehesabu. Mara ya pili nimetumia mahindi yaliyokobolewa na haya yamekubali, ladha sio ile ya nyumbani ila ni makande.

Kusafisha: baada ya kila mlo mswaki wa kawaida hautoshi, chakula kinakaa chini ya waya. Nina vibrashi vidogo vya kupenyeza, pakiti 8,000, na mswaki wa waya wenye mfereji katikati 12,000. Nasukutua maji kwa nguvu kwanza, vibrashi, ndo mswaki. Dakika nane. Ukiacha, asidi ya bakteria wanaokula mabaki ya chakula inakula jino kuzunguka breketi na siku waya zikitolewa unabaki na madoa meupe ya mraba. Mimi ambaye tayari nina madoa ya maji ya Arumeru sitaki mengine juu yake.

Jumatano, 2 Aprili: pilau la Idi

Breketi imetoka. Jirani alinialika Idi, pilau, na mimi siku hizo nilikuwa najiamini, wali nimeshauweza, nyama nakata mwenyewe. Nilikaa na wote kwenye sinia, na kijiko changu. Pilau lilikuwa zuri kweli. Kijiko cha nne au cha tano nikakandamiza upande wa kushoto nikasikia tik. Ndogo tu, wala haikuuma. Nikatema kwenye tishu nikaona pilipili manga nzima, haijapasuka hata. Nikapitisha ulimi, breketi ya jino la nne kutoka katikati, chini, inacheza, inaenda mbele inarudi nyuma kwenye waya kama shanga kwenye uzi.

Sikutaka kumwambia jirani mbele ya wageni wake. Nikamaliza kwa kutafunia kulia, nikasaidia kuosha vyombo, nikaenda chumbani nikalia kidogo. Nilikuwa nimejitahidi sana wiki tatu hizo.

Daktari kwenye simu alikuwa mpole. Kwa vile Jumamosi ni siku yangu ya kukazwa, akasema niiache hapo hapo kwenye waya, nisiivute, nibandike nta isicheze, nitafunie upande mwingine. Ndivyo ninavyofanya.

Pilau na biriani sio adui, viungo vizima ndo adui. Mdalasini, karafuu, hiliki, pilipili manga, vyote vikiwa vizima ni kama kokoto ndani ya wali na huvioni. Ukipika mwenyewe funga kwenye kitambaa cheupe uvitoe au tumia vya kusagwa. Ukialikwa, tandaza wali kidogo ukingoni mwa sinia uangalie kabla ya kijiko. Nimemweleza jirani jana baada ya yote, akasikitika sana, akasema angejua angenipikia pembeni. Sasa ndo nimejua kwamba kusema mapema kungeniokolea 30,000 ya kurudisha breketi.

Jumamosi, 5 Aprili: kukazwa mara ya kwanza

Breketi imerudishwa, 30,000. Daktari amenikumbusha yale maneno ya meno yenye floraidi, safari hii nimeyasikia. Waya umebadilishwa, huu ni mnene kidogo. Na vimpira vyangu vilivyokuwa vyeupe vilikuwa vimegeuka njano kama kiini cha yai, mchuzi wa binzari mara mbili tu umetosha. Nimechagua vya kijivu. Vyeupe na vile visivyo na rangi usichukue kama unakula mchuzi.

Safari hii nimejipanga. Ijumaa nilipika mtori sufuria kubwa nikagawa kwenye makopo manne nikagandisha. Nimekula magimbi na samaki wa kuchemsha saa tano asubuhi kabla ya kwenda, nikameza dawa mbili nikiwa naondoka kwa daktari. Jioni hii meno yanauma ila ni nusu ya ile ya mwanzo, nimekaa nakula mtori na naandika.

(Nimeongeza tarehe 8: maumivu yamekaa siku mbili, ya tatu nilikula wali. Kilo 56.)

Jumatatu, 21 Aprili: Pasaka, Arumeru

Nimekuja nyumbani tangu Ijumaa Kuu. Vile vigingi vya bluu bado vipo ila uwazi wa mbele umepungua kwa macho, magego ya katikati yameanza kugusana, punje ya wali sasa inapasuka. Nimejaribu vitu kwa mpangilio. Ugali na maziwa mgando, sawa, hata kwa mkono nimerudi, tonge dogo. Machalari ya mama (ndizi za kupikwa na nyama), sawa kabisa. Mahindi ya kuchemsha, nimeyapukuchua kwa kidole gumba kwenye bakuli nikala machanga tu, yale yaliyokomaa ganda lake ni lile lile la makande nimeyaacha. Mahindi ya kuchoma, muwa, karanga za kukaanga, kashata na barafu sijagusa na sitagusa mpaka mwakani. Ubuyu nilijidanganya kwamba nitamung'unya tu bila kuuma mbegu, nikajikuta nimeuma, nikatema haraka. Haukuvunja kitu ila nimeuacha.

Jana ilikuwa mbuzi choma. Kaka yangu alikuwa anakata, mama akamnyang'anya kisu bila kusema neno, akachukua paja, akaondoa nyama mfupani, akaikata kwa kukatiza nyuzi, nyembamba, vidogo vidogo, akasogeza upande wangu wa sinia. Mimi nilikuwa nimebeba kisu changu na ubao kwenye mkoba toka Dar. Sikuvitoa. Tumekula wote kwa mkono na tumemaliza pamoja, wa mwisho alikuwa kaka.

Hesabu mpaka leo nje ya malipo ya waya zenyewe: nta ya pili 5,000, mswaki 12,000, vibrashi 8,000, kisu na ubao 9,000, dawa 2,000, kurudisha breketi 30,000, na blenda 75,000 ambayo imesaga mara mbili. Jumla 141,000. Ukiondoa blenda na breketi, ambavyo havikuwa vya lazima, ni 36,000 tu. Blenda nimemwachia mama, anasagia juisi ya parachichi.

Kukazwa kwingine ni 3 Mei. Daktari amesema huenda akapunguza vigingi, nikitoka huko nitaandika chapati inakuwaje.